Pete chini ya mwembe

Toka wiki iliyopita kila grupu la WhatsApp nililomo lazima mtu atume ile ramani ya kupatwa kwa jua ya tarehe 2 Agosti 2027, ile itakayopita Luxor kule Misri na giza litakaa zaidi ya dakika 6, na mimi kila nikiiona namkumbuka mwenzangu tuliyemwita Mwalimu, maana hiyo tarehe yeye alikuwa nayo kichwani miaka mingi kabla ya hizi ramani, akiiongelea kama mzazi anavyoongelea harusi ya mwanae. Tutaenda wote, alisema. Nikakubali.

Ya Rujewa, kule Mbarali mkoani Mbeya, sijawahi kuyaandika, acha leo niyaandike.

Ilikuwa Septemba mosi 2016, siku jua lilipopatwa likabaki pete. Siku moja kabla tulitoka Dar na basi la alfajiri, Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako, tukashuka Igawa giza limeshaingia, bodaboda mpaka Rujewa, gesti zote zimejaa, ikabidi tulale sebuleni kwa ndugu yake dereva wa bodaboda, Mungu ambariki. Kulala kwenyewe ni jina tu. Mwezi haukuwepo, na usingeweza kuwepo maana ndo ulikuwa unalisogelea jua, kwa hiyo anga la bonde la Usangu lilikuwa jeusi tii, Njia ya Maziwa imekatiza juu ya paa, sayari za Mirihi na Zohali zimekaa jirani na nyota ya Antares pale kwenye kundi la Nge, na Mwalimu anazunguka uani, bainokula shingoni, anazitaja moja moja kwa sauti ya chini asiwaamshe wenye nyumba.

Asubuhi watu walikuwa wengi sana, wanafunzi na sare zao, wazungu na kamera zao kwenye stendi, kina mama na chai na maandazi. Sisi tulikuwa na miwani maalumu mbili, yangu na yake. Ya kwake akampa mtoto wa kwanza aliyemuomba na basi, haikurudi tena, ikazunguka foleni nzima ya watoto.

Mi nilikuwa nimeinua shingo mpaka inauma. Siku ile mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, ukaonekana mdogo kuliko jua, ndo maana haukuweza kuliziba lote, ukaingia katikati ukabakiza ukingo wa moto duara zima. Ilikuwa bado hata saa sita haijafika. Mwanga ukawa wa ajabu, sio wa jioni wala sio wa mawingu, kaubaridi kakashuka, watu wakapiga kelele. Nikageuka nimshike Mwalimu bega, hayupo.

Alikuwa chini ya mwembe na bibi mmoja aliyegoma kabisa kuangalia juu.

"Hapana mjukuu wangu, haya macho yenyewe yamebaki kidogo."

"Basi bibi usiangalie juu. Angalia kanga yako."

Jamani. Kanga nzima ilikuwa imejaa pete. Pete za mwanga, kubwa kubwa na ndogo, zimepandiana kifuani, begani, kwenye mikunjo ya kiunoni, na upepo ukigusa majani zote zinatikisika pamoja, na chini kwenye vumbi pete, kwenye miguu ya watoto pete, mtoto mmoja amekinga viganja viwili anajaribu kuifumba moja isitoroke. Bibi akawa anaipapasa ile kanga taratibu na vidole, anainua upindo anauangalia, hasemi kitu. Mwalimu amechuchumaa anawaeleza kwamba kila upenyo kati ya jani na jani unachora picha ya jua, na sio leo tu, hata yale madoa ya duara mnayoyaona kivulini kila siku ni picha za jua, mnazikanyaga mkienda shule. Karibu dakika tatu zote za pete aliziishia pale, kainama.

Kwenye basi nikamuuliza, sasa umeona nini wewe? Akasema hajaangalia juu hata mara moja, ila hamna shida, kuna Luxor, halafu tarehe 21 Mei 2031 pete inakuja tena Tanzania. Akalala mpaka Iringa.

Miaka michache mbele figo zikamchukua. Bainokula mkewe alinipa mimi.

Na mpaka leo sijajua niliweke wapi hili jambo. Kuna siku naumia kwa niaba yake, mtu aliyeipenda anga maisha yake yote amesafiri Dar mpaka Mbarali halafu asiinue macho, na kuna siku nakumbuka uso wake pale chini ya mwembe, anaangalia kanga ya mtu asiyemjua, nikaona mbona alikuwa na raha kunishinda mimi. Labda alishaona alichokifuata. Ila kwakweli ingekuwa leo ningemvuta mkono nikamvalisha miwani yangu kwa lazima, hata sekunde kumi tu, bibi angetusubiri.