Bundi kwenye bomba la moshi

Nyumba tunayopanga hapa Lushoto ni ya zamani, yenye kuta nene na dohani ya mawe. Mwezi wa saba baridi ya huku haina mzaha, kwa hiyo jioni lazima tuote moto. Siku ile nilikuwa nimeshapanga kuni, kibiriti mkononi, nikasikia kitu kinakwaruza juu ndani ya bomba. Kisha sauti: shhhhh, ndefu, kama mtu anamimina mchanga kwenye debe.

"Nyoka!" alisema mke wangu. Mtoto alishapanda juu ya kochi. Mzee jirani akaja kutushauri: "Mwanangu, washa tu. Moshi utamtoa."

Nusura nimsikilize. Lakini katikati ya masizi yaliyokuwa yakimwagika likadondoka nyoya moja la rangi ya dhahabu, laini kama pamba. Tangu lini nyoka akawa na manyoya?

Nikalala chali, nikamulika kwa tochi ya simu. Uso mweupe wenye umbo la kopa, macho mawili meusi. Huyu ni bundi asiyelia "huu, huu", yeye huzomea. Mzee aliposikia neno bundi, akaaga papo hapo.

Kupanda juu mwenyewe asingeweza: mabawa hayapati nafasi ya kukunjuka na kucha zinateleza kwenye masizi. Kumvuta sikuthubutu, maana kucha hizo ndizo anazoulia panya. Nikatoa kuni, nikatandika blanketi kuukuu, nikazima taa, nikafungua dirisha na kufunga mlango wa sebule. Tukaenda kulala.

Alfajiri nilimkuta juu ya blanketi, mweusi kama mkaa, hana hata nguvu ya kuruka. Nilivaa glavu za ngozi, nikamfunika kwa taulo, nikambana mabawa taratibu na kumtia kwenye katoni yenye matundu. Sikumpa chakula wala maji. Kumwachia mchana ni kumtupa kwa kunguru, kwa hiyo alishinda stoo, gizani. Baada ya magharibi nikafungua katoni juu ya ukuta. Akajikung'uta masizi, akaondoka bila kishindo chochote.

Kwa usiku mbili nilitega sikio, kusije kukawa na makinda humo ndani. Kimya. Ndipo nikamwita fundi aweke wavu wa waya juu ya dohani. Alikataa kupanda mpaka nimwapie kwamba bundi ameondoka. Nikaapa. Sikumwambia kwamba usiku uliopita nilisikia ile shhhhh tena, kwenye misonobari nyuma ya choo.