Kutuliza picha kwa lenzi au kwa kihisi: niliyoyaona Kakamega

Muuzaji mmoja wa kamera hapa Kisumu alinihakikishia kwamba mwenye kamera ya kihisi (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) kinachojituliza mkono unapotikisika hana haja ya lenzi yenye mfumo wake wa kutuliza. Ushauri huo nimeusikia kwa wengi na unaniudhi, kwa sababu ni nusu tu ya ukweli.

Nusu hiyo nimeifaidi. Ninayo lenzi ya milimita 200 ya enzi za filamu, niliyoachiwa na mjomba, isiyo na umeme wowote ndani yake. Katika msitu wa Kakamega, ambako jua hupenya kwa taabu, nilimlenga mbega aliyetulia tawini, shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga, ikiwa 1/60 ya sekunde, na yale manyoya yake marefu meupe ya ubavuni yakatoka kama pamba iliyoloa. Nikabana viwiko, nikaegemea mti, nikazuia pumzi, wapi! Kumbe lenzi ya aina hiyo haiwezi kuiarifu kamera urefu wa fokasi yake, yaani zile milimita 200 zinazoonyesha inavuta vitu karibu kiasi gani, na kamera ilikuwa ikifanya kazi kana kwamba imefungwa lenzi ya milimita 50. Nikaingia kwenye menyu, nikaandika 200, nikapiga tena; safari hii ungeweza kufuata unywele mmoja mmoja hadi nchani. Namba hiyo ibadilishwe kila lenzi inapobadilishwa.

Muuzaji alichoacha kusema nilikiona nilipoazima lenzi ya milimita 400. Mkono ukiinama nusu digrii, taswira iliyo nyuma ya lenzi ya milimita 50 husogea chini ya nusu milimita, lakini nyuma ya ile ya 400 husogea karibu milimita tatu na nusu, na kihisi hakina nafasi kubwa ya kuifukuzia. Kundi la vioo ndani ya lenzi limesanifiwa kwa ajili ya lenzi hiyo hiyo, hivyo husogea kidogo tu na kurekebisha mengi. Kwa upande wake, kihisi huweza kujizungusha kamera inapolalia upande wa kushoto au wa kulia, jambo ambalo vioo vya lenzi haviwezi. Ndiyo maana kamera nyingi za sasa huviunganisha vyote viwili.

Nilinunua lenzi iliyotumika, yenye mfumo wake, kwa elfu arobaini na kitu, na sijutii hata shilingi. Hata hivyo, kwa mdiria anayepiga mabawa juu ya maji pale Dunga, hakuna mfumo utakaosaidia, kwani anayetikisika ni ndege. Hapo mimi hupandisha shata hadi 1/2000.