Kumbukumbu ya mradi: lango la mfereji wa Erie limeacha kuvuja (karibu)

Jana saa tatu usiku nilijaza maji upande wa juu wa chumba cha mfano wangu wa mfereji, nikafunga lango, nikakaa kwenye kigoda na saa mkononi. Dakika 20 zikapita, maji yameshuka sentimita 1 tu. Wiki tatu zilizopita chumba hichohicho kilikuwa kinakauka kabla sijamaliza kufuta mikono. Nilipiga kelele hadi mama watoto akatoka chumbani akidhani nimejikata tena na patasi.

Kwa waliochelewa: natengeneza mfano wa chumba kimoja cha kupandishia mashua, katika vile 83 vya mfereji wa Erie, jimbo la New York, kama ulivyofunguliwa mwaka 1825. Kipimo ni 1 kwa 30. Chumba halisi kilikuwa na urefu wa futi 90 na upana wa futi 15, kwa hiyo changu ni sentimita 91 kwa 15, na maji yanapanda sentimita 8. Kila mashua ikipanda zinatumika kama lita 11. Mwezi mzima uliopita lita 11 hizo zimekuwa zikiishia sakafuni.

Lango lina mabawa mawili yanayokutana kwa pembe, ncha ikitazama maji mengi, mnayajua. Sirudii. Kinachoniuma ni kwamba mimi pia nilidhani nayajua. Nilianza na kila bawa likiinama nyuzi 30 kutoka mstari unaokata chumba, kwa hesabu ya kichwani kwamba ncha ikichongoka zaidi mabawa yatabanana zaidi. Kumbe ni kinyume: pembe ikilala, ndipo bawa moja linalisukuma jingine kwa nguvu. Nikashuka hadi 18. Ufa wa katikati ukafunga, nikafurahi dakika tano, kisha nikaona maji yanatoka pembeni, kwenye bawaba, kama bomba la msikitini lililosahaulika.

Nikaweka ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Bawa likakataa kufunga. Nikaweka silikoni. Silikoni naichukia na nitaendelea kuichukia: inanuka siki, inashika vidole kuliko mbao, na ukiitoa inaacha mafuta ambayo gundi haishiki tena. Nikabadili mbao, kwa sababu msonobari ulikuwa unavimba usiku na asubuhi lango halifunguki. Mninga umetulia. Na kwa wanaoniuliza kila mara kwa nini sichapi mabawa kwa printa ya 3D: nina randa ya marehemu babu, inatoa unyoya mwembamba kuliko karatasi, na haihitaji umeme.

Kilichonichelewesha kukubali ukweli ni hiki: sisi tunapunguza mbao, lakini tabia za maji hazipungui nazo. Lango halisi lilibeba tofauti ya maji ya mita 2 na zaidi. Msukumo ule unalikandamiza bawa ukutani hata kama seremala alikosea kidogo. Kwangu ni sentimita 8, msukumo ni moja ya thelathini, na ufa wa nusu milimita unabaki nusu milimita. Makosa ambayo mfereji wa kweli ungeyasamehe, meza yangu haisamehi.

Halafu kuta nazo zikaanza. Nilitaka uhalisi, nikajenga kwa vijiwe na chokaa yetu ya pwani, ile ya kuchoma matumbawe. Ndani ya maji ikageuka uji. Hapo nikagundua kwamba nimeangukia shimo lilelile walilokuwa nalo wajenzi wenyewe wa mfereji mwaka 1817: chokaa ya kawaida haigandi chini ya maji, na saruji ya kuagiza kutoka Uingereza ilikuwa ghali mno. Walimpata Canvass White, kijana aliyekuwa amekwenda Uingereza kukagua mifereji, inasemekana kwa miguu, zaidi ya maili 2,000. Aliporudi mwaka 1818 likapatikana jiwe la chokaa lenye udongo ndani yake, kwenye wilaya ya Madison, njiani kabisa mwa mfereji. Ukilichoma na kulisaga, linaganda hata likizama. Akapata hataza mwaka 1820, na wakandarasi wakaitumia saruji yake bila kumlipa haki yake.

Jiwe hilo sina. Nikasaga tofali la kuchoma, nikalipitisha kwenye chekecheo la unga (samahani mama watoto), nikachanganya na chokaa. Mafundi wa Oman wanafanya jambo la jamii hiyohiyo kwa udongo uliochomwa, wanaita saruj, wanajengea falaj, mifereji yao ya umwagiliaji. Vikombe vitatu ndani ya ndoo, siku 9. Chokaa na mchanga: uji. Nusu kwa nusu na unga wa tofali: kucha inaacha alama tu. Kikombe cha tatu paka alikimwaga.

Siku 9 za kusubiri ndizo zilizoniharibia ratiba, maana nilizitumia kusoma siasa. Nilipanga kuandika kibao kidogo cha maelezo, sasa kina kurasa nne. Hebu fikirini: tarehe 3 Machi 1817, siku moja kabla ya kuondoka madarakani, Rais Madison wa Marekani anaipigia kura ya turufu sheria ya kutenga fedha za barabara na mifereji, kwa sababu Katiba, kwa maoni yake, haikulipa Bunge la taifa mamlaka hayo. Mwezi uliofuata bunge la jimbo la New York likaamua kujichimbia lenyewe kwa kuuza hatifungani. Tarehe 4 Julai jembe la kwanza likaingia ardhini mjini Rome. Wakuu wa kazi, Benjamin Wright na James Geddes, walikuwa mahakimu waliojua kupima ardhi. Kazi ya mfereji walijifunza humohumo. Kwenye vinamasi vya Montezuma mamia ya vibarua waliangushwa na malaria, na hilo sisi hatuhitaji kuelezwa.

DeWitt Clinton, mwanasiasa wa New York aliyeupigania mradi huo huku wapinzani wakiuita mtaro wake, alifukuzwa kwenye tume ya mfereji Aprili 1824 na watu wa kundi la Martin Van Buren, mpinzani wake wa kisiasa. Walidhani wanamzika. Wananchi walikasirika hivi kwamba Novemba hiyohiyo wakamchagua gavana, naye ndiye aliyemwaga maji ya Ziwa Erie kwenye bandari ya New York mwaka uliofuata. Kama kuna somo la siasa la kuwapa watu wa fitina ni hilo, lakini kwenye kibao halitoshi.

Pia nimefuta ile rangi ya kijani tupu niliyopaka vilima. Ile haikuwa nyika isiyo na wenyewe. Ilikuwa nchi ya Wahaudenosaunee, muungano wa mataifa ya wenyeji wa asili, wakiwemo Waoneida na Waseneka, waliokuwa wakinyang'anywa ardhi kwa mikataba tangu kabla ya mfereji. Naongeza mashamba ya mahindi na nyumba ndefu.

Sasa bawaba. Zilikuwa zimekaza mno. Basi. Wiki tatu, jamani! Nilizifunga kwa skrubu, bawa likawa limeshikiliwa mahali pake hata maji yanaposukuma. Lango la kweli lina ulegevu kidogo kwenye mhimili: likiwa wazi nguzo yake haigusi ukuta, likifungwa maji yanaisukuma nyuma hadi ikalie kwenye kishimo chake. Nikang'oa bawaba za duka, nikaweka msumari mmoja juu, mmoja chini, kwenye tundu lililozidi milimita 1. Lango linacheza kama jino la mtoto. Nikajaza maji, likatulia.

Kilichofuata kwenye mpango kilikuwa ngazi ya vyumba vitano ya Lockport, kwenye mfereji huohuo. Naiacha. Nimekuta habari za daraja la Rochester la mwaka 1823, ambapo mfereji mzima ulivuka juu ya mto Genesee, mashua zikipita hewani juu ya mto. Futi 802, matao 11, mawe mekundu. Nalo lilivuja, likaharibika, ikabidi lijengwe jingine pembeni lililofunguliwa mwaka 1842. Rochester ulikuwa mji wa unga wa ngano, watu zaidi ya 9,000 kufikia 1830, na daraja lao linadondosha maji kama changu!

Kwa kipimo changu linatoka mita 8 na kitu. Sebule ni mita 4. Nimeshapima mlango wa kwenda jikoni, daraja linaweza kupita bila kubomoa fremu.