Herufi zinazomezwa na 3270: nilivyozidhibiti

Hapa Lubumbashi ninaendesha MVS 3.8j, mfumo wa zamani wa mashine kubwa za IBM, ndani ya Hercules, programu inayoiga mashine hizo, kwenye ordinateri ya kawaida. Nachapa kwa c3270, programu inayoiga terminali ya IBM 3270, na skripti zinapita kwa s3270, ndugu yake isiyo na skrini. Kero ilikuwa herufi zilizochapwa kabla ya jibu: nyingine zinamezwa, nyingine zinaangukia skrini isiyo yake.

Terminali ya 3270 haitumi herufi moja moja. Unajaza skrini yako, mistari 24 kwa safu 80, kisha Enter au kitufe cha PF (kama F1, F2) ndiyo inayopeleka. Hapo kibodi inafungwa, chini inatokea X, mpaka MVS itume amri ya kufungua. Ukiendelea kuchapa, c3270 inaziweka herufi kwenye foleni na kuonyesha T. Reset inaifuta foleni.

Sasa, kibodi kufunguka si kusema kazi imekwisha. MVS inaweza kufungua, foleni ikamwagika, halafu skrini nyingine ikaandikwa juu yake. Ndiyo sababu programu hizi huchelewesha kufungua kwa milisekunde 350. Unaweza kuongeza kwa mpangilio wa unlockDelayMs, lakini mimi siitegemei: siku mashine imelemewa, hakuna namba inayotosha.

Mtego mkubwa zaidi uko TSO, sehemu ya MVS ambako unachapa amri. Matokeo yakijaza skrini, chini zinatokea nyota tatu, ***, na kibodi iko wazi kabisa. Pale inangojewa Enter, si amri. Kwa hiyo skripti yangu haitumii sleep, yaani kungoja muda uliopangwa. Inasoma skrini kila hatua:

Wait(10,InputField)
String("LISTCAT")
Enter()
Ascii()

Ascii() inarudisha maandishi yote ya skrini. Chukua mstari wa mwisho wenye maandishi: ukiwa ***, tuma Enter() na usome tena, ukiwa READY (TSO iko tayari), peleka amri inayofuata. Usitafute READY popote pale, maana ya zamani huenda ingali juu. Tazama pia herufi ya kwanza ya mstari wa hali unaotolewa na s3270: U ni wazi, L imefungwa, E ni kosa la uchapaji, kwa mfano kuchapa kwenye sehemu iliyolindwa. E inataka Reset() kwanza.

Wenye kibodi za AZERTY kama zetu, msikimbilie cp297, jedwali la kodi za herufi la Kifaransa. Mpangilio wa vitufe unashughulikiwa na ordinateri yenyewe. MVS inaitambua # kama kodi 7B, na katika cp297 hiyo 7B ni £, basi jina la dataseti (faili la MVS) lenye # linakataliwa. Bakini na cp037, jedwali la Kimarekani.