Siku moja na mto Simiyu: kutoka chupa ya tope hadi modeli

Saa 12 asubuhi. Mvua imepiga usiku kucha upande wa Maswa na mto unapanda. Tunapima fosforasi, kirutubisho cha mbolea kinachooshwa kutoka mashambani. Nyingi husafiri imeng'ang'ania chembe za udongo, na tope zito kwa kawaida hutangulia kilele cha mafuriko. Ukichota kesho, mto umetulia, utapata maji mazuri na takwimu za uongo. Chupa ya lita 1 ishushwe kwa kamba kutoka darajani, katikati ya mkondo, kila nusu saa. Kina na saa viandikwe palepale.

Saa 4. Sampuli ya fosforasi iliyoyeyuka huchujwa hapohapo mtoni, kwa kichujio cha mikromita 0.45. Ikicheleweshwa, fosforasi huendelea kuhama kati ya maji na tope ndani ya chupa. Zote ziingie kwenye barafu.

Saa 8 mchana. Vipimo vimetoka, tunapiga hesabu. Tuseme zinapita mita za ujazo 20 kwa sekunde, fosforasi miligramu 0.8 kwa lita: hizo ni gramu 16 kila sekunde, karibu kilo 58 kwa saa. Mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 una takriban kilo 10 za fosforasi. Ni sawa na mifuko 6 kila saa kuingia Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, chakula cha magugu maji.

Saa 9. Modeli ya SWAT, programu ya kompyuta inayoiga jinsi maji, tope na virutubisho vinavyotoka shambani hadi mtoni. Kosa la kwanza kukagua: mbolea ya kujiendesha. Ikiachwa imewashwa, programu inaipa pamba mbolea kila inapodhoofika, wakati mkulima wa huku ametia samadi kidogo au hakutia kitu. Izime, kisha weka tarehe halisi za kupanda, Novemba au Desemba. Ili modeli ilingane na vipimo, rekebisha mtiririko kwanza, halafu tope, virutubisho mwisho. Ukianza na fosforasi, utaficha kosa la maji ndani yake.

Saa 11. Sasa tunajaribu kilimo chenyewe. Kwenye mbuga, udongo mweusi usionyonya, namba ya mtiririko (ikiwa kubwa, mvua nyingi zaidi hutiririka juu ya ardhi) ya mistari iliyonyooka ni 89. Ya kontua na matuta ni 81. Kisha tunaongeza ukanda wa nyasi kando ya mto, zile mita 60 za Sheria ya Mazingira ya 2004.

Saa 1 usiku. Chupa zinaoshwa kwa tindikali hafifu na maji safi. Sabuni ya kawaida hapana. Sabuni nyingine zina fosforasi.