Siku moja ya bwana shamba: mama, majani matatu na figili mwitu

Saa 1 asubuhi niko kwenye bodaboda kwenda bustani za Igombe, lenzi shingoni, magazeti ya zamani begani. Kukagua miche na viwavi wa kabichi kunaisha saa 4.

Hapo anakuja mama na mfuko wenye majani matatu yaliyonyauka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Gugu hili linanimalizia chainizi. Nipe dawa."

"Maua yake yakoje?"

"Msomi ni wewe, baba."

Wengi hudhani kazi yetu ni kutaja dawa tu. Kwa jani peke yake sitaji jina: chainizi iliyojiotea, haradali mwitu na figili mwitu, yote yana jani lenye mapengo ubavuni na ncha pana. Tena dawa inayoua magugu ya majani mapana itaua na chainizi, maana ni ukoo mmoja.

Basi twende shambani. Jua la saa 7 ni kali, natafuta mche wenye ua na ganda la mbegu kwa pamoja. Petali nne kama msalaba, stameni (vijiti vyenye chavua) sita, nne ndefu na mbili fupi: ukoo wa kabichi, hakuna ubishi. Petali ni za manjano hafifu zenye mishipa ya zambarau, na vijani vinavyoshika ua vimesimama wima. Kwenye haradali mwitu vijani hivyo hutanuka na ua ni manjano tupu. Shina linakwaruza vidole. Kinachomaliza kesi ni ganda: limebanwa kati ya mbegu na mbegu kama shanga, lina mdomo mrefu usio na mbegu, na likikauka linakatika vipande. La haradali hupasuka pande mbili. Ni figili mwitu, *Raphanus raphanistrum*, mgeni kutoka pande za Mediterania. Vipande vyake vinalingana na punje ya ngano, ndiyo maana hupita kwenye chekecheo na kusafiri na makapi ya kulishia kuku. Mama anatumia mbolea ya banda la kuku, huenda mbegu ziliingilia humo.

Nachoka, lakini sampuli haingoji. Mche mzima na mzizi wake ndani ya gazeti, rangi ya ua naiandika palepale kwa sababu hufifia, pamoja na tarehe, mahali na zao. Gazeti hubadilishwa kila siku.

Mama ang'oe kabla ya maganda. Yenye maganda ayatie kwenye gunia ayachome, asiyarudishe kwenye mboji. Mbegu hukaa ardhini miaka na huota kwa awamu, kwa hiyo kila baada ya mvua apite tena mstari kwa mstari.