Kinyota Kando ya Namba

Novemba 2018 nilijaza FAFSA, ile fomu ya serikali kuu ya Marekani ya kuomba msaada wa kulipia chuo, ambayo mtoto wa mkimbizi asipoijaza chuo anakisikia tu. Nilikuwa darasa la 12 hapa Louisville, Kentucky. Ndani ya fomu wakati ule kulikuwa na sehemu ya kuvuta taarifa za kodi za wazazi moja kwa moja kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Kwetu ilikataa. Nikaingiza takwimu zote kwa mkono, usiku, fomu za W-2 za mishahara ya Baba na Mama zikiwa zimetandazwa kitandani, mdogo wangu akinishikia tochi ya simu ili taa isimwamshe Bibi.

Majibu niliyasoma ndani ya basi. Kando ya ile namba iliyoonyesha familia inaweza kuchangia kiasi gani palikuwa na kinyota kidogo. Sikukijali. Mwezi Machi ndipo barua ya chuo iliponieleza maana yake: nimechaguliwa kufanyiwa uhakiki, na mpaka utakapokamilika hakuna msaada wowote utakaotolewa.

Nilimwambia Baba jioni ile akila kabla ya kwenda zamu ya usiku. Neno lililonijia ni hilo hilo, uhakiki. Tonge likabaki mkononi mwake.

Waliopita Nyarugusu wananielewa. Kambi ile ya wakimbizi ya mkoa wa Kigoma ilifunguliwa mwaka 1996 kwa watu wetu wa Kongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kivu ya Kusini, na mimi nilizaliwa humo. Siku ya uhakiki ilitangazwa kwa kipaza sauti, na familia nzima, hata mgonjwa, ilipaswa kusimama mbele ya meza. Saizi ya familia iliyoandikwa kwenye kadi ndiyo iliyopima unga, maharage, mafuta na chumvi. Sisi tulikuwa saizi saba. Mwaka mmoja Bibi alitoka alfajiri kutafuta kuni, akachelewa kurudi. Alipofika meza zilikuwa zimefungwa, na kadi yetu ikawa saizi sita. Baba alizunguka na shauri hilo miezi mingi kabla jina halijarudishwa. Nakumbuka Bibi alivyokuwa akisema ameshiba kila tulipokaa kula.

Kwa hiyo usiku ule wa Louisville Baba hakuniuliza habari za chuo. Aliniuliza, "Wanataka kumtoa nani?"

Kesho yake aliteremsha kutoka juu ya kabati ule mfuko mweupe wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, wenye maandishi ya bluu, ambao kila mkimbizi hushuka nao kwenye ndege akiwa ameukumbatia. Humo mlikuwa na karatasi za I-94 za kuingia nchini, kadi za hifadhi ya jamii, cheti cha ndoa ya kanisani kilichopauka kwenye mikunjo, na kadi ya zamani ya mgao iliyotobolewa pembeni kila mwezi. Tukaondoka na mfuko wote. Nilimwambia fomu ya chuo inataka orodha ya watu wa nyumbani na nakala za kodi tu. Hakukubali kuacha hata karatasi moja.

Mama aliyetupokea katika ofisi ya misaada ya fedha ya chuo alikuwa mpole. Alituambia kwanza kwamba kuchaguliwa si kushtakiwa, kompyuta ndiyo inayochagua. Nilimwamini, lakini sikuweza kuacha kuwaza kwamba wengi wanaochaguliwa ni wale wanaostahili ruzuku ya serikali iitwayo Pell, yaani watoto wa watu wasio na kitu. Anayeombwa karatasi nyingi zaidi ni yule ambaye wazazi wake wanafanya kazi usiku na hawasomi Kiingereza.

Alipitia orodha yetu ya watu wanane. Mimi mstari wa kwanza, kwa sababu fomu inataka mwanafunzi atangulie. Mstari wa pili Baba alikuwa ameniamuru niandike Bibi. Yule mama aliona Baba, Mama na Bibi wote wamezaliwa tarehe 1 Januari, akaniangalia. Nikamweleza kwamba asiyejua siku aliyozaliwa ndiyo tarehe anayopewa. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Kisha akaweka fomu mbili za kodi za mwaka 2017 ubavu kwa ubavu, ya Baba na ya Mama, akauliza kama wazazi wangu wameoana na wanaishi pamoja.

"Ndiyo."

"Basi kwa nini kila mmoja amejiandikisha kuwa mkuu wa kaya?"

Nikatafsiri. Baba akanyoosha mgongo. "Mkuu wa kaya ni mimi," akasema, akatoa ile kadi ya mgao na kuonyesha jina lake juu kabisa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwanzoni mwa 2018 tulipelekwa kwa mtu wa mtaani anayewajazia watu kodi kwa malipo. Alimuuliza Baba kama yeye ni mkuu wa kaya, na Baba, aliyekuwa amelijibu swali hilo kwa miaka ishirini, akasema ndiyo. Yule mtu akamjazia Mama hivyo hivyo kwenye fomu ya pekee, akawagawa watoto, watatu kwa Baba na wawili kwa Mama, marejesho yakaja makubwa, naye akachukua chake. Mbele ya sheria ya kodi jina hilo ni la asiye na ndoa, au anayehesabiwa kama hana, anayebeba zaidi ya nusu ya gharama za nyumba. Wazazi wangu walipaswa kufaili kama wanandoa, pamoja au kila mmoja kivyake. Na chuo kikishaona taarifa zinazopingana hakiruhusiwi kuzifumbia macho.

Yule mama alisema fomu hizi si sahihi. Nikamwambia Baba, "Anasema zina makosa."

Baba alikaa kimya. "Makosa au uongo? Muulize."

Nilikuwa na miaka kumi na minane na nimekuwa mkalimani wa familia tangu tufike, hospitalini, kwa mwenye nyumba, shuleni kwa wadogo zangu. Sijawahi kuogopa kutafsiri kama siku ile. Nikauliza neno kwa neno. Yule mama akaweka kalamu chini, akamgeukia Baba mwenyewe badala ya kunitazama mimi, akasema, "Makosa." Baba hakungoja tafsiri. Lile neno la Kiingereza alilijua kutoka kazini.

Tulipaswa kurekebisha kodi kwa fomu ya 1040X. Mchungaji wetu alituelekeza kwa watu wa kujitolea wanaowajazia kodi bure wenye kipato kidogo, katika mpango wa IRS unaoitwa VITA. Jumamosi tulikwenda wote, na Bibi pia, kwa kuwa Baba hakutaka tena uhakiki umkute hayupo. Bibi hakusoma sana, lakini herufi kubwa alizijua. Mlangoni alisimama chini ya bango, akalisoma taratibu: VI-TA. Akanishika mkono. "Hapa napo?" Nikamwambia hapana, Bibi, ni herufi tu za Kiingereza. Aliingia, lakini hakuuachia mkono wangu hadi tulipotoka.

Mzee mmoja mstaafu alikaa nasi kwa muda wa saa tatu. Hesabu ilipotoka, Baba na Mama walidaiwa dola elfu tano na kitu. Mama aliweka kiganja mdomoni. Baba aliuliza kitu kimoja tu, kama akisaini sasa karatasi itakuwa ya kweli. Mzee akasema ndiyo. Baba akasaini polepole, Mama akasaini chini yake. Fomu hiyo wakati ule ilipelekwa kwa karatasi, tukaituma kwa posta na kuweka risiti, na nakala iliyosainiwa tukaipeleka chuoni pamoja na zile nakala za IRS zilizokuwa zimetufikia kwa barua.

Juni nilipata Pell kamili, dola 6,195 kwa mwaka. Deni tuliomba kulilipa kidogo kidogo, dola 90 kila mwezi. Nilitaka kulilipa mimi, nikapata kazi ya maktaba, Baba akakataa kuipokea hela yangu. Alisema hiyo ni ya vitabu. Yule mtu wa mtaani alikuwa amehama, ofisi yake inauza simu, na sijui ni familia ngapi za kwetu alizozijazia namna ile. Hilo linaniuma hadi leo kuliko deni lenyewe.

Mwaka 2021 ikawa zamu ya mdogo wangu, na kinyota kikatokea tena. Nilikwenda nyumbani kumsaidia, nikakuta Baba ameshaushusha mfuko na kupanga karatasi mezani, miwani usoni, kodi ya pamoja juu kabisa. Mdogo wangu akaandika jina lake mstari wa kwanza. Wa pili, Baba alishika kalamu mwenyewe. Kalamu ikabaki hewani.

Bibi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

"Kumbe safari hii," Baba akasema, "tunamtoa sisi wenyewe."

Mama akamsogelea, akamwambia aandike idadi kwanza, majina yatafuata. Akaandika 7.